Vidonge vya Daku

Kilichoninyima usingizi hakikuwa swali la kama rafiki yangu ataanguka tena. Nilikuwa nimelala chumba kimoja naye, Ujiji, nyumbani kwa shangazi yake, na nilichokuwa nakigeuzageuza kichwani ni hiki: ugonjwa wa mtu ni mali ya nani? Kama ni mali yake, basi mimi niliyeujua kwa sababu tu tulipangiwa chumba kimoja chuoni sina ruhusa ya kuutoa nje. Lakini asubuhi tulikuwa tunakwenda kupiga makasia mpaka kwenye mwamba mmoja ndani ya ziwa. Kwenye mwamba huo tungevua majaketi ya kuelea, na yeye angezama chini kuangalia samaki. Mtu mwenye kifafa, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa akiruka dawa zake za asubuhi. Katika Kigoma nzima aliyejua hayo ni mimi peke yangu, na mimi sijui kuogelea.

Nimeliandika neno hilo haraka, kifafa, ila wakati ule sikuwa naweza kulitamka. Sisi wawili tulizoea kusema "ile hali".

Ile hali ilianza mwaka wa pili chuoni, chumbani kwetu, mlango ukiwa umefungwa. Mwanzoni nilidhani anatania, kwa sababu ni mtu wa utani. Kisha nikadhani anakufa. Nilimwekea kanga chini ya kichwa, nikamlaza ubavu, nikakaa sakafuni nikilia mpaka alipofungua macho na kuniuliza kwa nini ninalia. Daktari alimwandikia vidonge, asubuhi na jioni, akamwambia mambo matatu: asiruke dozi, alale vya kutosha, asiingie kwenye maji marefu bila mtu anayejua hali yake. Hilo la tatu lilimchekesha.

"Mimi mtoto wa Ujiji," alisema tulipotoka, "naambiwa nisiingie majini."

Hakumwambia mama yake. Hakumwambia shangazi. Aliniapisha mimi pale pale kwenye kituo cha daladala, na nikaapa, kwa sababu nilikuwa nimeona jinsi watu wanavyolipokea neno hilo. Kwetu Singida kulikuwa na dada mmoja jirani ambaye kikombe chake kilitundikwa msumari wa peke yake, nje, ukutani, ili mtu mwingine asikitumie kwa bahati mbaya. Watu walikuwa wakiamini mate yake yanaambukiza. Walimpenda, walimsalimia, walimpa chakula. Ila kikombe kilikaa nje.

Baada ya mahafali yeye alipata kazi ya ofisini mapema. Mimi nilibaki nyumbani nikituma maombi na kuangalia simu. Alipopata likizo yake ya kwanza akanipigia.

"Jiandae. Twende Kigoma, tukafanye vitu vya kutisha."

"Vitu gani?"

"Kuna kaka anafundisha watu kayaki na kuzamia kwa miwani. Nimeona video. Usiulize maswali."

Niliuliza maswali. Niliuliza mengi kiasi kwamba alikata simu, akanitumia tiketi ya treni. Ndani ya treni niliogopa behewa litaacha reli. Niliogopa mtu atachukua begi langu tukilala. Tulipofika, niliogopa samaki aina ya mgebuka niliyepakuliwa na shangazi yake, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kuhusu sumu za samaki, na nilimla nikisubiri ulimi ufe ganzi. Hakuna hata kimoja kilichotokea. Naeleza haya ili ieleweke kwamba hofu yangu ilikuwa imepoteza thamani yake muda mrefu kabla haijahitajika. Nilikuwa nimeitumia kwa kila kitu. Hata mimi mwenyewe ilipokuja sikujua kama ni ya kweli au ni ile ya kila siku.

Kaka wa kayaki alikuwa na ufuko wake mdogo wa mawe na mchanga, mbele kidogo ya mji wa Kigoma. Alikuwa mtu mrefu, Muha, mwenye kofia ya majani iliyoliwa upande mmoja, na alitusalimia "Mwakeye" kwanza, kisha kwa Kiswahili alipoona nimeduwaa.

"Nani anajua kuogelea?"

Rafiki yangu akanyoosha mkono.

"Na wewe dada?"

"Mimi natoka Singida."

"Sijauliza kwenu. Nimeuliza kuogelea."

Nikamuuliza kama majaketi yamewahi kujaribiwa. Nikamuuliza kayaki ikipinduka mtu anatokaje. Nikamuuliza kama kuna mamba.

"Mamba wapo," alisema, "ila wana shughuli zao."

Tangu hapo akaniita Mama Maswali. Alitupa majaketi ya rangi ya chungwa, akatuonyesha vifungo vitatu vya kifuani, akavivuta mwenyewe mpaka nikahisi mbavu. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kila siku: "Kuna mwenye tatizo lolote? Pumu, presha, moyo, kuanguka?"

"Hamna," alisema rafiki yangu. Alijibu kabla neno la mwisho halijamaliza kutoka mdomoni mwa yule kaka.

"Na wewe, Mama Maswali?"

"Mimi nina wasiwasi tu."

"Huo hauui mtu."

Sikumtazama rafiki yangu, na yeye hakunitazama. Siku ile ya kwanza nilijiambia kwamba si uongo mkubwa. Alikuwa hajaanguka kwa zaidi ya mwaka. Alikuwa amevaa jaketi. Na mimi nilikuwepo, ingawa sikujua kuwepo kwangu kungesaidia nini.

Tukaingia. Kayaki ni kitu kidogo kuliko kinavyoonekana kwenye video. Unakaa chini, miguu mbele, na ziwa liko usawa wa kiuno chako, pembeni tu, unaweza kulipapasa. Nilizunguka mahali pamoja kama kuku aliyefungwa kamba. Yeye baada ya muda mfupi tu alikuwa ameshaelewa. Mabega yake yaliingia kwenye kazi, kasia likawa linachomeka majini bila kurusha tone, akaenda mbali, akageuka, akarudi kunizunguka akicheka.

"Usilipige ziwa! Halijakukosea."

Ziwa Tanganyika asubuhi linatulia kiasi kwamba unayaona mawe ya chini moja moja na kivuli cha kayaki yako kikipita juu yake. Ng'ambo milima ya Kongo ilikuwa ya bluu hafifu. Nilimwona rafiki yangu amesimamisha kasia, uso ameuinua juu, amefumba macho. Nilianza kuhesabu moyoni. Kisha akayafungua, akanikonyeza. Nilijiona mjinga, nikafurahi kwa kuwa mjinga.

Nilichokuwa sijaelewa ni mambo ya nyumbani.

Ramadhani ilikuwa imekwisha, tulikuwa ndani ya Mfunguo Mosi, na shangazi na binti zake wawili walikuwa wanafunga sita, zile siku za sunna baada ya Idi. Mmoja wa mabinti alikuwa pia analipa siku zake alizokula mwezini. Hakuna aliyemwambia rafiki yangu afunge. Sinia liliwekwa tu, kabla ya alfajiri, wali wa jana na dagaa, na binamu aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja akamtikisa bega: "Amka, daku." Naye akaamka. Mimi Mkristo nilikaa kitandani nikiona aibu kulala watu wakila, nikatoka nje ya chumba nikiwa na macho mekundu.

"Mgeni, wewe rudi ulale," shangazi aliniambia. "Hii haikuhusu, mwanangu."

Walikula wote kwenye sinia moja, magoti yamegusana, taa ya ukutani imewaka. Rafiki yangu alikuwa katikati. Alikunywa maji mwishoni, akajifuta mdomo, akainuka. Niliona kila kitu na sikuona chochote. Ilinichukua mpaka siku iliyofuata kutambua kwamba chuoni hakuwahi kunywa maji ya asubuhi bila kwanza kurusha kidonge ulimini. Sasa mkono wake ulikuwa mtupu.

Mara ya pili tulipokwenda ziwani tulizamia kwa miwani, majaketi yakiwa mwilini. Yule kaka alitufundisha kutema mate kwenye kioo na kuyasugua kwa kidole ili kisipate ukungu. Nililala kifudifudi juu ya maji nikiwa na mrija mdomoni, nimeshika kamba ya kayaki kwa mikono yote miwili, nikatazama chini. Samaki wadogo wa njano na wa mistari walikuwa wanatoka kwenye nyufa za mawe, wanagombana, wanarudi ndani. Kwa muda nilisahau kuogopa. Sijui niseme muda gani, lakini nilisahau, na kwangu hilo ni jambo.

"Umefunga halafu unameza ziwa?" yule kaka alimtania rafiki yangu alipoibuka akikohoa.

"Nani amemeza? Mimi nimelirudisha lote."

Tulipokuwa tunarudi, yeye akiwa mbele yangu kidogo, kasia lake liliteleza kutoka mapajani likaingia majini. Hakulifuata. Nilidhani ameliachia kwa makusudi. Nikamfikia. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama upande wa Kongo, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinasugua ukanda wa jaketi, vinasugua, vinasugua. Mdomo ulikuwa unatafuna kitu ambacho hakikuwepo. Nilimwita jina lake. Nikamwita tena. Kayaki yake ilikuwa inageuka polepole na maji.

Kisha akapepesa macho. "Eh?"

Yule kaka alikuwa ameshalifuata kasia. "Dada, umesinzia?"

"Swaumu hiyo, kaka."

"Basi kesho uje umekula."

"Nikishafuturu nije usiku?"

Wakacheka wote wawili. Akampa kasia, akatuambia kuhusu kesho: angetupeleka kwenye mwamba wa mbele, ambako kina ni kirefu na samaki ni wakubwa. Pale anayejua kuogelea huvua jaketi, kwa sababu jaketi halimruhusu mtu kushuka. Rafiki yangu akapiga makofi juu ya maji.

Alasiri ile tulikaa nyuma ya nyumba tukimenya mihogo ya futari. Shangazi alikuwa amekwenda sokoni, binamu walikuwa ndani. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima. Nilipofungua mdomo ikatoka kama mahojiano ya polisi.

"Vidonge vya asubuhi unakunywa saa ngapi?"

"Nakunywa."

"Saa ngapi?"

"Umekuwa nesi?"

"Niambie tu."

Akatupa muhogo kwenye beseni. "Vya jioni nakunywa. Daku siwezi. Shangazi huyu hapa, binamu huyu hapa, mimi katikati kama nyama ya sambusa. Nitoe vidonge niseme ni nini?"

"Sema vitamini."

"Shangazi yangu ukimwambia vitamini ataomba na yeye."

Nilicheka, na nikakasirika kwamba amenichekesha. "Basi usifunge. Sema uko kwenye siku zako."

"Nimemaliza tukiwa kwenye treni. Tulipofika binamu aliniuliza nami nikamwambia nimeshamaliza, kwa mdomo wangu huu. Sasa nianze tena?"

"Kunywa kabla ya daku. Chooni."

"Binamu ndiye anayeniamsha. Begi liko kabatini kwake, mlango unalia kama mbuzi. Acha, bwana. Cha jioni kinatosha."

"Leo hukusinzia," nikasema.

Kisu chake kikasimama.

"Ulikuwa unatafuna. Vidole vinacheza. Nimekuita hukuitika."

Alinitazama. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye mwenyewe haioni inapomjia. Mimi nilikuwa nimeliona na kulibeba mchana mzima, na yeye kwake mchana ulikuwa mzima, haukuwa na tundu lolote. Nikaona uso wake unajaribu kutafuta lile tundu na kushindwa.

"Muda mrefu?"

"Mfupi."

"Basi."

"Siyo basi. Kesho mtu anavua jaketi."

Aliokota muhogo mwingine akaanza kuumenya taratibu sana, ganda likitoka refu bila kukatika. Aliongea akiutazama. "Zaidi ya mwaka sijaanguka. Kila siku naamka najipima kama yai. Sasa nataka mara moja, moja tu, nizame mpaka chini nishike jiwe nirudi juu. Bila mtu kunitazama hivyo unavyonitazama."

"Nikimwambia yule kaka tu? Asikuruhusu kuvua, basi. Shangazi hatajua."

"Yule kaka amesoma darasa moja na mtoto wa mama mkubwa. Ukimwambia saa nne, saa sita wako nalo kwenye mnada wa samaki. Unajua shangazi ana watu wameanza kuniulizia? Watu wa heshima. Unadhani watarudi? Na kikombe changu je? Wewe ndiye uliyenisimulia habari ya kikombe."

Ni kweli, mimi ndiye niliyemsimulia.

"Uliapa," akasema.

"Niliapa."

"Na uliogopa treni itaanguka. Uliogopa mgebuka. Juzi uliogopa feni ya dukani. Sasa nikikusikiliza kila kitu nitaishi wapi? Chini ya kitanda?"

Hayo ndiyo maneno ambayo na mimi nilikuwa nikijiambia.

Kwa hiyo ule usiku wa kukosa usingizi nilipita njia zote. Nilifikiri kumwambia shangazi, nikaona hilo ndilo baya kuliko yote. Nilifikiri kutoboa miwani ya kuzamia. Nilifikiri kuomba mvua. Nilifikiri kwamba daktari alisema asiingie majini bila mtu anayejua hali yake, na mimi najua, kwa hiyo sharti limetimia. Halafu nikakumbuka kwamba daktari alimaanisha mtu anayeweza kumvuta. Nilijiuliza kama ninataka kusema kwa ajili yake au kwa ajili yangu, ili nisije nikabaki na maisha yote ya kujua kwamba nilinyamaza. Nilishindwa kutenganisha. Nilijaribu kila namna, zile hofu mbili zilikuwa zimesukwa pamoja.

Wakati wa daku nilitoka tena. Nilimfuata uani alipokwenda kunawa.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, tumbo? Nimekunywa, Mungu anaona."

Hata kama alikunywa, kidonge kimoja kisingerudisha vyote alivyoviruka. Hilo nililijua kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ya dawa ambayo mimi nilikuwa nimeisoma mara nyingi kuliko yeye.

Asubuhi nilijaribu ujanja wa mwisho. Nikajikunja kwenye mkeka nikasema tumbo linaniuma.

"Pole," alisema rafiki yangu akijifunga kanga juu ya suruali ya kuogelea. "Baki upumzike. Nitakwenda mwenyewe, adhuhuri nimerudi."

Niliinuka pale pale.

Shangazi, aliyekuwa anafagia, akaacha ufagio. "Hee! Tumbo la mgeni limepona. Hiyo dawa mnipe na mimi."

Ndani ya bajaji alikuwa na furaha ambayo alijaribu kuificha ili asinikere, na hilo lilinikera zaidi. Tulipofika ufukweni yule kaka akauliza lile swali lake, labda kwa mazoea tu: kuna aliyeamka vibaya leo? Rafiki yangu akasema hamna. Mimi nikasema nimekosa usingizi. "Wewe hata ukilala unauliza maswali," akanijibu, akasukuma kayaki yangu majini.

Mwamba haukuwa mbali sana. Ulikuwa umetoka ndani ya ziwa kama mgongo, mweupe juu kwa kinyesi cha ndege, mweusi chini pale maji yanapougusa. Maji yaliyokuwa kijani karibu na pwani yakawa ya bluu nzito. Nilitazama chini nikatafuta mawe. Hayakuwepo. Upepo ulikuwa umeanza mapema siku hiyo, na mawimbi madogo yalikuwa yanapiga kayaki ubavuni, pa, pa, pa.

Yule kaka alitangulia kwenye mwamba akaanza kufunga kamba kwenye ncha moja ya jiwe, mgongo ametupa. Alikuwa anatueleza bila kugeuka: unavuta pumzi, unainama, unapiga miguu, usiende mbali na kamba. Mama Maswali anabaki na jaketi lake, anaangalia juu juu. "Dada, wewe unaweza kuvua."

Rafiki yangu alikuwa kati yangu na yeye. Akafungua kifungo cha juu. Kilitoa sauti ndogo, tak.

"Sema wewe," nikamwambia.

"Usianze."

"Mwambie mwenyewe. Sema vyovyote unavyotaka, ila aelewe."

"Nimekuomba kitu kimoja tu tangu tufahamiane." Hakuongea kwa hasira. Angeongea kwa hasira ingekuwa rahisi. Alifungua kifungo cha pili.

Nadhani watu wengine wakifika hapo kuna kitu kinawasukuma. Mimi sikusukumwa na chochote. Nilikuwa bado ninapima. Nilikuwa nawaza kwamba huenda haitatokea kitu, na kwamba kwa hesabu ya hofu zangu zote za nyuma ndivyo ilivyo karibu kila mara; angezama, angeshika jiwe lake, angerudi akicheka, na mimi ningekuwa nimemvunjia maisha yake ya Ujiji bure. Niliiona hiyo picha wazi kabisa, na kikombe chake ukutani. Halafu nikamtazama vidole. Havikuwa vinacheza. Vilikuwa vimetulia kwenye kifungo cha tatu, vidole vya kawaida vya rafiki yangu, vyenye mchubuko wa kisu alichomenyea mihogo jana. Na nikaelewa kwamba sitapata uhakika. Nilikuwa nasubiri uhakika kama mtu anayesubiri majibu ya kazi, na hautakuja, na lazima nichague bila huo.

"Kaka," nikasema. "Ana kifafa."

Upepo ukalichukua neno. Yule kaka alikuwa amegeuka nusu, mkono sikioni, kamba kwenye meno. Akaitoa.

"Unasemaje, Mama Maswali?"

Alikuwa anatabasamu. Alikuwa anangoja swali la mamba. Rafiki yangu alikuwa amesikia, na alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kwa namna ambayo ni mimi peke yangu ningeiona. Mlango ulikuwa bado wazi. Ningeweza kuuliza habari za mamba. Angecheka, tungeendelea, na lile neno lingekuwa halijawahi kutoka.

Nilijishika kwenye kingo za kayaki nikapaza sauti mpaka koo likauma.

"Ana kifafa! Hajanywa dawa za asubuhi tangu tufike. Jana hakusinzia. Usimwache avue jaketi."

Tabasamu la yule kaka halikuondoka mara moja, lilibaki usoni halina kazi. Kisha akaiacha kamba, akaruka majini na nguo zake na kofia yake, akaogelea mpaka kwenye kayaki ya rafiki yangu, akaishika ubavuni kwa mikono miwili. Hakumgusa yeye. Niliona kwamba hakumgusa, na yeye pia aliona.

"Ni kweli, dada?"

Rafiki yangu alifunga kifungo cha pili, akafunga cha juu, akavivuta mpaka vikabana. Kisha akachukua kasia lake, akaigeuza kayaki kuelekea pwani. Nikageuza yangu, nikamfuata nyuma, karibu kadiri alivyoniruhusu.